Mahari pa Kuvukia

Ukipanda bodaboda mjini Kakamega ukitaka kuja kwetu, upande wa Shirere, usimwambie dereva akushushe kwenye kivuko cha wanaokwenda kwa miguu. Atakutazama tu. Mwambie, "Nishukishe Mahari," naye atakufikisha bila swali la pili. Wanafunzi wa chuo wanaopanga vyumba mtaani kwetu hudhani kuna mtu aliwahi kuposa mke pale barabarani. Wengine wameshatunga hadithi nzima ya bwana harusi aliyetoroka na ng'ombe zake. Huwasikia nikacheka, halafu nikakasirika kidogo, maana jina hilo lina wenyewe. Lilianza kwa kosa la mtu mmoja la kuandika, na likashikiliwa na baba yangu, mtu ambaye kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akishikilia neno lolote mbele ya watu.

Barabara yenyewe haikuwa hivi. Nilipokuwa mdogo ilikuwa lami nyembamba, imeliwa kingo zote mbili, na katikati ina mashimo ambayo mvua ikinyesha bata wa jirani walikuwa wakiogelea humo bila wasiwasi. Gari likitoka mjini tulilisikia mbali likilalamika kutoka shimo hadi shimo, na lilipotufikia tulikuwa tumeshamjua dereva na tumeshaamua kama tutampungia mkono. Trekta za miwa ndizo zilizokuwa sikukuu yetu. Zilipita zikivuta trela zilizojaa kupita kiasi, nasi tunakimbia nyuma tukichomoa miwa, huku dereva akitutukana bila kugeuza kichwa. Hakuna muwa niliowahi kununua sokoni ukawa mtamu kama ile.

Mdogo wangu alikuwa na mchezo wake wa kuvuka. Mama alikuwa ametufundisha kwamba hupiti mtu mkubwa bila kumsalimu, na siku moja, mama akiwa anachambua mrenda mlangoni, mdogo wangu akamwuliza kama barabara ni kubwa kuliko sisi. Mama, ambaye akili yake ilikuwa kwenye mboga, akasema ndiyo, ni kubwa. Basi. Tangu siku hiyo mtoto yule hakuvuka barabara bila kusimama ukingoni, miguu pamoja, na kusema kwa sauti, "Mulembe, balabala!" Mulembe ndiyo salamu yetu, maana yake amani, na hiyo balabala ni barabara kwa ulimi wa kwetu, ambamo r na l ni watoto wa tumbo moja, hata mama mtu huwachanganya. Nilimwambia mara nyingi kwamba barabara haiitiki. Yeye alisema inaitika, ila polepole.

Nakumbuka jinsi alivyokuwa akisimama pale. Soksi moja juu, moja imeshuka, sketi ya shule kaikunja kwa mkono mmoja kana kwamba anakaribia kuvuka mto. Nilikuwa na haraka siku zote, naye hakuwa na haraka hata siku moja. Ningeyarudisha yale mashimo yote kwa mikono yangu ili nimwone tena akiisalimu lami.

Kisha wakaja kutengeneza barabara. Tulishangilia, kwa nini tudanganye? Tuliwapelekea mafundi maji ya kunywa, tukawapikia mahindi, na lami mpya ilipokauka vijana walivua viatu wakatembea juu yake ili waisikie ilivyo laini. Mgeni njoo mwenyeji apone, tukasema. Baba peke yake ndiye aliyesimama ukingoni mikono nyuma, akatazama magari ya kwanza yakipita bila kulalamika, akasema, "Mashimo ndio yalikuwanga matuta yetu." Tulimcheka. Baba si msemaji, na mtu asiyesema sana akisema watu hudhani anatania.

Miaka ikaenda. Mama akatangulia mbele ya haki, mdogo wangu akawa fundi wa kushona sare za shule mjini, akapata kijana wa Iguhu, mkulima, mpole mpaka unamwonea huruma. Wazee wakakaa, wakapatana, siku ya kuleta ng'ombe ikatajwa. Hapo ndipo nilipomwona baba akiwa na furaha ambayo sikujua anayo. Maisha yake yote hakuwa amefuga zaidi ya ng'ombe mmoja, aliyefungwa kwa kamba kwenye mparachichi. Sasa akakata mikaratusi yake aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya paa, akajenga boma upande wa chini wa shamba, karibu na barabara, boma zuri lenye lango la mbao. Kila jioni alikwenda kulitikisa aone kama limekaa. Nikamtania, "Papa, na wewe utahamia huko?" Akanijibu bila hata kutabasamu, "Ng'ombe wa mukhana hawalalangi nje." Mukhana ni binti.

Juma lile lile la kupokea wageni, mdogo wangu alivuka kwenda dukani kununua sukari ya chai yao. Duka liko ng'ambo, mkabala na njia yetu, hapo hapo tulipovukia tangu utotoni. Nilikuwa jikoni. Nilisikia breki, na sikutoka mara moja, kwa sababu siku hizo breki zilikuwa kitu cha kila siku. Mengine sitayasimulia. Sukari ilikutwa kando ya mtaro, pakiti haijapasuka hata kidogo, na mtu fulani mwenye nia njema akaileta nyumbani. Tuliinywa matangani. Tangu hapo sukari ya nyumba yetu tulinunua mjini, na duka lile sikukanyaga tena.

Kijana wa Iguhu alikuja mazishini mikono mitupu, akasimama kwenye lango la boma lile akilia kwa sauti. Kwetu msichana aliyekwisha kuolewa akifa kabla ya ng'ombe kuletwa, wazee huwageukia waliomchukua na kuwaambia walete kitu kwanza, hata mbuzi. Huyu alikuwa hajamchukua bado, lakini kwa upole wake alikuja kumwuliza baba anadaiwa nini. Baba akamshika bega. "Rudi nyumbani, mwanangu," akamwambia. "Si wewe ulimchukua." Nilidhani ni maneno ya kumfariji tu.

Baada ya hapo baba hakuvuka barabara tena. Sisemi alivuka kwa hofu, au alivuka mara moja moja. Hakuvuka. Kanisa letu liko ng'ambo, mashine ya kusaga iko ng'ambo, zahanati iko ng'ambo, na yeye akawa anakwenda huko kwa kupita chini. Kuna kalvati pale, bomba la saruji linalopitisha maji ya mvua chini ya lami, na mzee yule aliinama akaingia humo, kofia mkononi, akatokea upande wa pili. Jumapili alikaa kanisani na matope magotini, na watu wakajifunza kutotazama. Mimi sikujifunza. Nilimpigia kelele. "Papa, wewe si panya!" Akanywa uji wake mpaka ukaisha, akasema, "Huyo sisalimiani naye." Ilinichukua muda kuelewa kwamba huyo ni barabara.

Masika ya mwaka mmoja, maji yalimkuta ndani. Mvua ilinyesha juu huko, kwetu jua linawaka, na yeye yuko katikati ya kalvati na kilo mbili za unga begani. Mama mmoja anayechoma mahindi karibu na hapo alisikia mtu akikohoa chini ya barabara, akaita vijana wa bodaboda, wakamvuta kwa miguu. Unga ulikwenda na maji. Baba alilala siku nyingi akitetemeka chini ya blanketi tatu, nami nikakaa kando ya kitanda nikijua jambo moja tu: barabara imeshamchukua mmoja kwa juu, na huyu itamchukua kwa chini. Na kumkataza kalvati ningeweza, lakini kumvusha juu hakuna aliyeweza. Alikuwa amebakiza kukaa nyumbani asubiri kufa, bila kanisa, bila wenzake.

Nikaenda kwa katibu wa mtaa wetu. Huyu ni jirani mwenye mashine ya kusaga, mtu mwema sana anayependa mambo mawili duniani, mashine yake na mwandiko wake. Nikamwambia tunataka kivuko, na matuta, na mistari myeupe, mzee aone kwamba kuna mahali ambapo gari ni lazima lisimame. Akaniambia mkutano wa wodi wa kupanga bajeti uko karibu. Wananchi wataleta maombi yao, watapiga kura, ombi moja litaingia kwenye bajeti ya mwaka. "Wacha mimi niandike," akasema. "Hiyo kazi naijuanga." Akanunua karatasi kubwa ya manila na kalamu nene za rangi mbili.

Siku ya mkutano ukumbi wa kanisa la upande wetu ulijaa. Sitasema uongo, baadhi walijaa kwa sababu ya soda na mkate, na kwa kuwa kwetu kura na kula hutamkwa vilevile, aliyealikwa kuja kupiga kura hakuwa na kosa akija na njaa. Meza ya mbele alikaa msimamizi wa wodi pamoja na kijana wa ofisini, mgeni kwetu, mwenye kompyuta na Kiswahili kilichonyooka kama rula. Msimamizi akatueleza kwa upole kwamba kikapu ni kimoja na mikono ni mingi. Watu wa sokoni walitaka choo. Watu wa juu walitaka mulika mwizi, ile taa ndefu inayoangaza mtaa mzima, na walikuwa wengi kutuzidi. Baba nilikuwa nimemleta kwa kumlazimisha, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, kofia magotini.

Zamu yetu ilipofika, katibu alisimama na suti yake ya harusi za watu, akaifungua ile manila ukutani polepole kama mtu anayefunua zawadi. Herufi zilikuwa nzuri, nyekundu kwa bluu. TUNAOMBA MAHARI PA KUVUKIA BARABARA.

Barabara, ambalo ndilo neno linalotushinda sote, alikuwa ameliandika sawasawa. Nadhani nguvu zote za kujichunga ziliishia hapo. Mahali pakawa mahari.

Kijana wa kompyuta akasoma kwa sauti, akakwama. "Mahari?" akauliza. "Samahani, wazee. Nani anaoa?"

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mmoja wa mulika mwizi akapiga kelele, "Serikali haitoi ng'ombe!" Mwingine akauliza bibi harusi ni lami au ni mtaro. Katibu alisimama pale akiitazama manila yake, anaisoma na kuisoma tena bila kuliona kosa, maana kwake neno liliandikwa linavyosemwa. Mimi sikucheka. Niligeuka kumtazama baba, kwa sababu boma lile lilikuwa bado limesimama tupu, na neno hilo halikuwa limetamkwa nyumbani kwetu tangu msiba. Niliogopa atatoka nje.

Alisimama kweli, lakini hakutoka. Alipiga moyo konde akaja mbele, mguu baada ya mguu, na kwa vile hakuna aliyewahi kumwona akija mbele, kicheko kikaanza kupungua safu kwa safu.

"Katibu hajakosea," akasema. "Wacha ikae hivo hivo."

Msimamizi akamwambia, "Endelea, mzee."

"Mimi nilikuwa na mukhana. Nyinyi mnamjua, aliwashonea watoto wenu. Watu wa Iguhu walikuwa waje na ng'ombe, mimi nikajenga boma. Kabla hawajafika, hii balabala ikamchukua." Akageuza kofia mkononi. "Sasa nawauliza, nyinyi wazee. Mtu akichukua mtoto wako, na hajaleta ng'ombe, hajaleta mbuzi, hajaleta hata jogoo, huyo mtu anaitwanga nani? Na kila siku anapita mbele ya mlango wako, anapiga honi. Mimi siwezi kumsalimia. Siwezi kumkanyaga. Napita chini yake kama nyoka." Akaionyesha manila. "Sitaki pesa. Nataka mahari pa kuvukia. Walete hiyo, tumalizane."

Hakuna aliyecheka. Mama wa mahindi akainuka kule alikokaa, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi ilichukua bwana yangu. Haijaleta kitu." Mzee mmoja akasema mjukuu wake. Mtu mwingine, mguu wa ndugu yake. Hawakuwa wakitoa hotuba, kila mmoja alisema kidogo akakaa. Nilikuwa nimeishi na watu hao maisha yangu yote na sikujua kwamba tulikuwa wengi hivyo. Nililia hadharani, mimi niliyejisifu kwamba machozi yangu niliyamaliza matangani.

Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Yule yule aliyesema serikali haitoi ng'ombe aliinua mkono wa kwanza kutoka upande wa mulika mwizi. Kijana wa kompyuta, alipokuwa akiandika, akauliza kwa adabu kama sasa anaweza kulisahihisha neno. Ukumbi mzima ukamjibu hapana. Akaandika Mradi wa Mahari, na hivyo ndivyo ulivyosomwa baadaye kwenye bajeti, mbele ya watu wakubwa ambao sijui walilielewaje.

Pesa ya serikali ina mwendo wake, na si mwendo wa gari. Tuliambiwa barabara ina mwenyewe na kingo zake zina mwenyewe mwingine. Wenye lami ndio wa kuchora mistari na kuweka matuta, na wenye kingo ndio wa kutengeneza njia za miguu. Lazima wakae wapatane. Baba aliposikia hayo hakushangaa hata kidogo. "Mahari ni hivo," akasema. "Wajomba lazima wakae kwanza." Wakati huo nilikuwa nimemwekea marufuku ya kalvati, naye akawa hatoki. Alikaa nyumbani akisikiliza kengele ya kanisa kutoka ng'ambo.

Hatimaye injinia akaja. Tulikuwa tumejiandaa kwa mwanamume mwenye tumbo, akashuka msichana mwembamba mwenye viatu vya mpira, wa umri ambao mdogo wangu angekuwa nao. Nilimwona baba akiona hilo. Msichana akamsalimu kwa mikono miwili, akamwita baba, akaomba aonyeshwe mahali.

Baba alimpeleka moja kwa moja mwisho wa njia yetu, palepale. Injinia akapima, akachuchumaa awe na kimo cha mtoto, akatazama upande wa mjini, akasimama, akatazama tena. Kisha akasema, "Baba, hapa siwezi."

"Hapa ndipo," baba akasema.

"Najua. Wameniambia." Hakuangalia chini, na kwa hilo nilimheshimu. "Lakini gari linatoka kwenye kona. Dereva anamwona mtu akiwa ameshamfikia. Nikichora mistari hapa nitakuwa nawaita watu wasimame mahali wasipoonekana. Nitawaua na rangi yangu."

Akatembea kuteremka, akaiacha kona mbali nyuma yake, akasimama mahali ambapo barabara inaonekana pande zote mbili, moja kwa moja. Hapo ndipo pazuri, akasema. Shida ni kwamba hapakuwa na njia ya kufikia hapo kutoka mtaani. Ukingo ulikuwa umezibwa na ua wetu, na nyuma ya ua, katikati kabisa ya mahali njia ingepita, limesimama boma. Bajeti ilikuwa na pesa ya kokoto, ya rangi na ya matuta, lakini haikuwa na pesa ya kununua ardhi ya mtu. Mwenye shamba akitoa kwa hiari, kazi inaanza. Asipotoa, itabidi watafute mahali pengine, na pengine mwaka mwingine. Alisema hayo taratibu, macho yake yakiwa kwenye lile lango la mbao, na nadhani hilo pia alikuwa ameambiwa.

Baba aligeuka akaenda zake nyumbani, akakaa kwenye kiti chake, akakataa obusuma, ugali wa kwetu, na kuku niliyempikia mgeni. Injinia alikula peke yake kwa aibu. Nilimwambia asubiri, kimya kingi kina mshindo, ingawa moyoni nilikuwa nimeshakata tamaa. Boma lile ndilo lililokuwa limebaki la harusi. Nilijua huwa analitikisa lango mpaka leo, nikiwa sipo.

Asubuhi yake niliamshwa na nyundo. Nilitoka na leso begani nikamkuta amevua shati, anang'oa misumari mmoja mmoja na kuitia kwenye kopo. Nguzo alizokwisha kung'oa alikuwa amezilaza nyasini, zimepangwa vizuri, vichwa upande mmoja. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

"Angalia," akasema, akaigonga nguzo moja. "Hata moja haijaoza."

"Naona, Papa."

"Hakuna ng'ombe aliyewahi kulala hapa," akasema. "Wacha watu wapite." Kisha akalia, baba yangu, nyundo mkononi, na mimi nikakaa chini karibu na zile nguzo mpaka akamaliza.

Njia ya miguu ilipochimbwa, injinia alieleza kwamba pale panapovuka mtaro pangehitaji vyuma vya kushikia, ila vyuma havimo kwenye bajeti. Baba akamwambia nguzo zipo. Ndizo hizo unazoziona leo, za mkaratusi, ambazo watoto huziegemea wakisubiri kuvuka na wanafunzi wa chuo hukaa juu yake wakipiga simu. Zimelainika kwa mikono ya watu. Nikipita huzigusa moja moja, na baadhi yazo bado zina matundu ya misumari ya lango.

Siku ya kupaka rangi mtaa mzima ulitoka. Mafundi walifunga upande mmoja wa barabara wakachora, wakafunga wa pili wakachora, na rangi ilipokauka wakaondoa vizuizi. Katibu alivaa ile suti. Wazee wakamtazama baba, na baba akajua wanachosubiri. Ng'ombe wakiletwa, mwenye binti huwakagua. Basi akafunga mikono nyuma akatembea ukingoni polepole, akiikagua mistari mmoja baada ya mwingine, na karibu na mwisho akasimama.

"Huu umekonda," akasema.

Fundi wa rangi, mtu wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa. Akachukua brashi akaunenepesha. Baba akalitazama tuta la juu, akalipiga teke kidogo, akalitazama la chini. Katibu akamwuliza, "Zimetosha, mzee?" Na hapo watu wakaanza kutabasamu, kwa sababu hakuna baba wa binti wa Kiluhya aliyewahi kukubali kwamba zimetosha.

"Mahari haiishangi," baba akasema. "Bado taa. Mtaleta." Hilo hajalisahau hadi leo, na kila mkutano wa bajeti yuko safu ya mbele kuwakumbusha.

Kisha akaja mpaka mwanzo wa mistari na kusimama. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikishikilia nguzo kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Lori lilikuwa linateremka kutoka mjini. Lilipunguza mwendo kwenye tuta, likapunguza zaidi, likasimama kabisa. Barabara yote ilikuwa mbele ya baba, tupu, na yeye hakutembea. Nilifikiri ameshindwa. Nilikuwa karibu kumshika mkono nimrudishe nyumbani.

Akavua kofia. Akaweka miguu pamoja.

"Mulembe, balabala," akasema.

Hata siku moja nilikuwa sijamwambia kuhusu mchezo ule. Nilidhani ulikuwa wetu wawili. Kumbe miaka yote ile alikuwa akitutazama kutoka shambani, akimsikia mtoto wake akisalimu lami kila asubuhi. Dereva wa lori, aliyedhani mzee anamsalimu yeye, akapiga honi moja fupi, ya adabu, na baba akavaa kofia akavuka bila haraka mpaka ng'ambo.

Inaitika polepole, mdogo wangu alisema.

Nikafuta uso kwa leso nikavuka nyuma yake. Nilimwacha akisalimiana na watu, nikaingia katika lile duka, nikanunua sukari.